Picha Ghafi Zibaki Nyumbani, Maamuzi Yasafiri

Kamera nyingi zinazopiga harusi, mahojiano na filamu fupi katika miji yetu huandika megabiti 100 kila sekunde zikiwekwa kwenye 4K. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, gawa kwa 8 upate megabaiti, na jibu ni gigabaiti 45. Harusi moja ya kamera mbili, kila moja ikiandika kwa muda wa saa tano tangu saluni hadi ukumbini, inaacha GB 450 kwenye kadi. Mpiga picha yuko Tanga. Mhariri anayemwamini, anayejua kukata picha zikafuata ngoma, yuko Nairobi. Kati yao kuna mpaka, kuna intaneti inayolipiwa kwa bando, na kuna familia inayopiga simu kila asubuhi kuuliza video imefikia wapi.

Wengi wakifika hapo huanza kutafuta mtandao wenye kasi zaidi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kazi nyingi za pamoja zinapoharibikia, kabla mhariri hajakata hata klipu moja. Swali la kwanza lilipaswa kuwa hili: mhariri anahitaji kushika nini hasa? Ukilijibu kwa makini utaona kwamba sehemu kubwa ya hizo GB 450 haina sababu ya kupita kwenye waya wowote.

Tupige hesabu kwanza, maana watu huumizwa na hesabu hii kila wiki. Kasi inayotangazwa na kampuni za simu mara nyingi ni ya kupakua, tena kwa megabiti. Anayetuma hutegemea kasi ya kupakia, ambayo kwenye laini nyingi za nyumbani na za simu ni ndogo kuliko ya kupakua. Tuseme unapata megabiti 10 za kupakia bila kuyumba, umeme haukatiki, na hakuna mwingine ndani ya nyumba anayetazama mpira kwa simu. Saa moja ya picha, zile GB 45, itahitaji muda wa saa 10. Harusi nzima itahitaji saa 100, yaani siku nne na saa nne, mchana na usiku. Laini ikikatika siku ya tatu, na njia uliyotumia haijui kuendelea pale ilipoishia, unaanza upya na bando limekwisha.

Kuna dawa mbili ambazo watu hushauriana, na zote hazitibu. Ya kwanza ni kubana mafaili kwa zip. Video imekwishabanwa na kodeki ndani ya kamera yenyewe. Hakuna hewa iliyobaki ya kutoa. Faili la GB 10 litatoka likiwa karibu GB 10 zilezile, na utakuwa umepoteza nusu saa. Zip ina faida ya kufunga mafaili mengi yakawa mzigo mmoja, au kulipasua faili kubwa katika vipande vinavyopokelewa na huduma yenye kikomo, lakini uzito hautapungua. Ya pili ni WhatsApp. Ukituma video kwa njia ya kawaida ya picha, programu huibana upya kwa nguvu, na alichopokea mhariri ni kivuli cha ulichopiga: rangi zimeganda, sura za watu walio mbali hazisomeki, jina la faili limebadilika. Ukituma kama hati, faili hufika kama lilivyo, na tangu 2022 kikomo chake ni GB 2. Hiyo inatosha kwa klipu chache za dharura. Kwa harusi haitoshi.

Jibu lenyewe ni la zamani kuliko intaneti. Filamu ilipokuwa utepe wa selulosi, negativu, yaani utepe ule ule uliopita ndani ya kamera, haikuguswa na mhariri. Ilikaa maabara. Mhariri alipewa kopi ya kazi, iliyochapwa kwa bei nafuu, akaikata, akaibandika, akaichora kwa penseli ya nta na kuichubua apendavyo. Pembeni mwa utepe kulikuwa na namba, na namba hizo hizo zilikuwa kwenye negativu. Filamu ilipokubaliwa, mkata negativu, akiwa amevaa glovu, alizifuata namba zile moja baada ya nyingine na kuikata negativu mara moja tu. Kilichotoka chumba cha uhariri kwenda maabara kilikuwa orodha ya maamuzi: anza hapa, ishia hapa, unganisha na hii.

Mwaka 1971 kampuni ya CMX, iliyoundwa kwa ubia wa CBS na Memorex za Marekani, ilileta mashine ya kuhariri kwa kompyuta iliyofuata kanuni ileile. Mhariri alitazama picha hafifu, nyeusi na nyeupe, akafanya uamuzi wake, na mashine ikatoa orodha iliyotumika kuunganisha kanda zenye ubora kamili mahali pengine. Orodha za namna hiyo bado zipo, na programu za leo bado zinazisoma. Ifungue moja kwa programu ya kawaida ya maandishi utaona mistari: jina la kanda au faili, saa, dakika, sekunde na fremu ya kuanzia, kisha za kuishia. Filamu ya saa moja na nusu yenye mikato zaidi ya elfu moja hutoshea katika orodha nyepesi kuliko picha moja ya simu. Mtu anaweza kuituma akiwa Kasulu kwa mtandao unaosuasua na ikafika kabla hajamaliza kunywa chai.

Umbali nao si jambo geni katika kazi hii. Mwaka 1993 Steven Spielberg alikuwa Kraków, Poland, akipiga Schindler's List, huku Jurassic Park ikimaliziwa California chini ya uangalizi wa rafiki yake George Lucas. Jioni, baada ya kazi ya mchana, alitazama kwa njia ya setilaiti maendeleo ya wale dinosaria na kutoa maelekezo. Alikuwa na fedha za kukodi setilaiti, ambazo sisi hatuna. Ila tazama kilichopita angani: picha za kutazamia kwa upande mmoja, maneno ya mkurugenzi kwa upande wa pili. Filamu yenyewe haikupita huko.

Leo kopi ya kazi inaitwa proksi. DaVinci Resolve, Premiere Pro na programu nyingine kubwa za uhariri zinaijua, na Resolve ina toleo la bure linaloifanya kazi hiyo vizuri. Mpiga picha wa Tanga anaingiza klipu zote, anaiagiza programu itengeneze kopi ndogo za kila moja, kwa mfano za megabiti 5 kwa sekunde, kisha analala. Saa kumi za harusi, zilizokuwa GB 450, sasa ni GB 22 na nusu. Kwa ile laini ya megabiti 10 zinapanda kwa muda wa saa tano, usiku mmoja mtandao ukiwa mwepesi. Mhariri wa Nairobi anazipokea, anahariri, na kila anapotaka mwenzake aone, anamtumia faili la mradi peke yake. Likifunguliwa Tanga, programu inaziona picha asili zilizo kwenye diski ya Tanga na kuzipanga sawasawa na alivyopanga mhariri. Mpiga picha anaona kazi ya mwenzake kwa ubora kamili, wakati ile picha kubwa haijasogea kutoka mezani kwake.

Mpango huu una masharti, nami nayasisitiza kwa sababu ndiyo yanayovunja urafiki. Proksi lazima ilingane na asili kwa jina, idadi ya fremu kwa sekunde, urefu na mpangilio wa sauti. Kamera mbili za Sony zilizoanza kuhesabu upya zote zitakupa klipu inayoitwa C0001. Ukiziweka zote katika kazi moja bila kuzitofautisha, siku ya kuunganisha programu itachukua C0001 ya kamera isiyo yake, na pale bibi harusi anapovishwa pete utaona kiti kitupu cha ukumbini. Majina yabadilishwe kabla ya proksi kutengenezwa: tarehe, herufi ya kamera, namba ya kadi. Baada ya hapo mtu asiguse jina lolote, wala asihamishe folda kwa sababu anapenda meza yake ikae nadhifu.

Simu nazo zina tatizo lake. Shangazi aliyerekodi kwa simu mwali akitolewa ndani amepata kipande ambacho kamera kubwa haikukipata, na mhariri atakitaka. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kadiri mwanga unavyobadilika, sasa 30, baadaye 24, kisha 30 tena. Ndani ya programu ya uhariri sauti huanza kuachana na midomo taratibu, na kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aliyeharibu. Faili la namna hiyo ligeuzwe kwanza liwe na fremu zisizobadilika. HandBrake, programu ya bure, hufanya hivyo kwa kuchagua kisanduku kimoja tu. Kopi hiyo mpya ndiyo iwe asili ya kazi kwa pande zote mbili.

Njia ya kupitishia proksi ni suala dogo kuliko watu wanavyolifanya. Google Drive hutoa GB 15 za bure, zinazotumiwa pia na barua pepe na picha zako. Telegram hupokea faili la hadi GB 2 kwa asiyelipa. SwissTransfer, ya Uswisi, hupokea mzigo wa hadi GB 50 bila malipo na kuuhifadhi kwa muda usiozidi siku 30, na kwa kazi ya mara moja nimeona inafaa sana. Lakini watu wawili wanaofanya kazi pamoja mwezi hadi mwezi, mimi ningewashauri Syncthing. Ni programu huria ya bure inayounganisha folda ya kompyuta moja na folda ya nyingine moja kwa moja, kwa usiri, bila kuhifadhi chochote kwenye wingu la mtu. Hukata faili katika vipande vidogo, hukagua kila kipande, na mtandao ukikatika huendelea na vilivyobaki. Inataka kompyuta zote mbili ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuwe na mapatano ya saa. Na inataka tahadhari moja kubwa: kilichofutwa upande mmoja hufutwa na upande wa pili. Folda ya mpiga picha iwekwe ya kutuma tu, ili mhariri akifuta kwa bahati mbaya, Tanga pasipotee kitu.

Kuna wakati, hata hivyo, picha asili zenyewe hazina budi kwenda. Huenda kompyuta ya mpiga picha haiwezi kutoa filamu ya mwisho, au kazi ya rangi inafanywa na mtaalamu mwingine mwenye skrini iliyopimwa. Hata hapo si lazima kupeleka zote. Video ya harusi ya dakika 40 imetumia dakika 40 kati ya saa kumi, yaani GB 30 hivi za picha asili. Programu ya uhariri inaweza kukusanya vipande vilivyotumika, kila kimoja kikiwa na sekunde chache za ziada mbele na nyuma. Kamera zinazobana fremu kwa makundi haziruhusu kukata mahali popote, na hapo klipu iliyotumika huenda nzima. Bado mzigo unakuwa pungufu sana kuliko ule wa mwanzo.

Na kama zote zinatakiwa, zipande basi. Nasema hivyo kwa dhati. Desturi yetu ya kukabidhi kifurushi kwa konda, ukapewa risiti na namba ya simu, ukampigia ndugu yako akakipokee stendi, ni njia ya mawasiliano yenye uwezo mkubwa. Diski ya TB 2 iliyosafiri kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, tuseme saa 24 tangu kukabidhiwa hadi kupokelewa, imebeba data kwa wastani wa megabiti 185 kila sekunde. Wacuba wamejenga utamaduni mzima juu ya jambo hili: El Paquete Semanal, mkusanyiko wa takribani terabaiti moja ya filamu, muziki na programu, husambazwa kila wiki nyumba kwa nyumba kwa diski. Huko Afrika Kusini, Septemba 2009, kampuni moja iliyochoshwa na kasi ya laini yake ilimfunga njiwa aitwaye Winston kadi ya GB 4 na kumrusha kutoka Howick kwenda Durban. Pamoja na muda wa kunakili, data zote zilifika kwa takribani saa mbili. Laini ya simu kwa muda huohuo ilikuwa imepitisha asilimia 4.

Miezi miwili kabla ya Winston kuruka, Julai 2009, mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa na kuifikia pwani yetu, TEAMS ukafika Mombasa mwaka huohuo, na EASSy ukafuata 2010. Bila mikongo hiyo kazi ya pamoja ninayoieleza hapa isingewezekana kwa bei ambayo kijana wa mtaani anaweza kuimudu. Hata hivyo, Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na kwa siku kadhaa mtandao ulizorota vibaya Tanzania na katika nchi jirani. Waliokuwa wamepanga kazi kwa proksi na orodha waliendelea kuhariri, kwa sababu kila upande ulikuwa na kilichohitajika mezani.

Diski inayopanda basi iandaliwe. Iwekwe mfumo wa exFAT, unaosomeka na Windows na Mac bila shida. FAT32 ya zamani haipokei faili linalozidi GB 4, na klipu ndefu zitakataa. Ifungwe kwa nywila, maana kuna picha za ndani ya nyumba za watu, wanawake waliojifunga kanga wakiwa peke yao, watoto. Diski yenye sahani inayozunguka izungushiwe nguo nyingi. Ile isiyo na kitu kinachozunguka huvumilia zaidi barabara mbovu. Na isiwe kopi pekee. Diski pekee haipandi basi hata kama konda ni mjomba wako.

Baada ya kufika, idadi ya mafaili kulingana haitoshi kuthibitisha kwamba yamefika salama. Faili linaweza kuwa na jina lake na uzito wake kamili huku ndani kipande kimeharibika, na ukaligundua siku ya kutoa kazi. Programu za kukagua husoma faili lote na kutoa alama yake, mfuatano wa herufi na tarakimu. MD5 ni mojawapo ya njia hizo, xxHash ni nyingine iliyo ya kasi zaidi. Alama ya Tanga ikilingana na ya Nairobi, mafaili ni yaleyale. Nashauri ripoti ya alama hizo itumwe kwa ujumbe, na kadi ya kamera isifutwe kabla ujumbe huo haujapokelewa. Wapiga picha wengi hufuta kadi usiku uleule kwa sababu kesho wana harusi nyingine. Kadi ya akiba ni ghali, lakini harusi haipigwi mara ya pili.

Nimezungumza sana juu ya uzito na kasi, wakati kwangu sababu kubwa ya kuziacha picha asili nyumbani ni nyingine. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za elimu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Zilitengenezwa filamu takribani 35: za kilimo, za afya, za maisha ya watu, na Watanganyika wakiwa mbele ya kamera. Zilizobaki ni chache mno, na zimehifadhiwa Uingereza. Mtu wa Korogwe anayetaka kumwona babu yake akitembea anapaswa kumtafuta ng'ambo ya bahari. Naliwaza hilo kila ninapoona kijana wa hapa amempigia kazi mtayarishaji wa nje na kumtumia kadi zote bila kubaki na hata nusu saa, kisha miaka miwili baadaye akataka kipande cha mzee aliyehojiwa, mzee akiwa ameshafariki, na barua pepe zake hazijibiwi.

Kwa hiyo kabla ya faili la kwanza kupanda, wawili hao waandikiane. Ujumbe wa simu unatosha, mradi uko wazi: asili zinakaa kwa nani, kopi ya pili iko nyumba gani nyingine, mhariri anaruhusiwa kuonyesha vipande vya kazi hiyo kwa wateja wengine au la, proksi zinafutwa lini, na mmoja wao akipatwa na jambo, nani ana nywila ya diski. Mwenye harusi naye aulizwe, maana picha ni zake kabla ya kuwa za mpiga picha. Wapo watakaosema futeni yote mkimaliza. Wapo watakaonunua diski yao wenyewe na kutaka zote GB 450, hata zile ambazo mhariri hakuzitumia, kwa sababu ndani ya hizo kuna bibi amekaa pembeni anaongea na jirani yake, na hakuna rekodi nyingine ya sauti yake popote.